Mripuko Nilioutupa Siku ya Sikukuu

Mwaka niliorudi Unguja kufanyia kazi nyumbani, jirani yetu wa Kiponda, Bi Mize, alinipandia juu na bahasha kubwa ya kaki. Ndani mna picha ya goti la mumewe. "Nasra, mamaako kaniambia unafanya kazi ya eksirei. Hebu nitazamie goti hili, maana hospitali wananizungusha tu." Nikamwambia eksirei zangu ni za nyota, si za magoti. Akanitazama mimi, akaitazama picha, akasema, "Kwani nyota zinaumwa nini?" Sikuwa na jibu zuri siku ile, na nimestaafu sijalipata.

Nyinyi vijana wa zamu mliniomba, siku ya kuagana kwenye skrini, niandike mambo ya kazini yasiyomo kwenye miongozo. Haya. Vyeo sitavigusa, havina hadithi. Nitaandika habari za siku ya kwanza, za aliyenifundisha, na za mstari mmoja kwenye kaunta buku zangu ambao iko siku mngeukuta wenyewe. Ni mstari wa siku niliyoutupa mripuko mkubwa kuliko yote tuliyowahi kuipata kutoka kwenye nyota tuliyoiita Mchokozi. Niliutupa kwa mkono wangu, nina akili zangu timamu na nguo mpya ya sikukuu. Na haukuwa wangu wa kutupa. Ulikuwa wa mtu aliyeusubiri umri wake wote wa kazi, na macho yake yalikuwa yanakwisha.

Nilianzia kituoni, ng'ambo, kwenye baridi ya kugonganisha meno. Nilikuwa msichana wa skuli za hapa mjini, nimesoma fizikia mpaka ikanipeleka mbali, na kichwani nilidhani nitaoneshwa nyota. Nikapelekwa kwenye chumba kisicho na dirisha, nikakalishwa mbele ya kompyuta iliyojaa safu za namba. Nikauliza kwa Kiingereza changu cha darasani, darubini iko wapi? Kutoka meza ya nyuma mtu akajibu kwa Kiswahili: "Iko juu, dada. Ukitaka kuigusa tafuta ngazi ndefu." Nikageuka, nusura nilie. Ndiye Dakta Mwombeki, Mhaya wa Bukoba, mrefu, miwani mizito, sweta limetoboka viwiko. Alijuaje kuwa mimi ni Mswahili? Alisema kalisoma jina langu kwenye orodha wiki nzima kabla sijafika, na wiki nzima alikuwa anangoja kuzungumza. Katika jengo lile Kiswahili kilikuwa na watu wawili. Tulikisema mpaka wenzetu wakadhani tunawasengenya, na mara nyengine tulikuwa tunawasengenya kweli.

Kwa msomaji asiye wa kazi hii nitaeleza kidogo. Ziko nyota zenye hasira. Usumaku wao hujisokota, hukatika, na kwa dakika chache nyota hutoa eksirei nyingi kuliko kawaida yake, kisha ikatulia polepole kwa masaa. Huo ndio mripuko. Hewa yetu inazizuia eksirei hizo zisifike chini, na tushukuru, lakini ndiyo maana darubini lazima ikae juu, nje ya hewa. Nayo haileti picha za kutundika ukutani. Inapokea chembe moja moja za mwanga, na kila chembe inaandikiwa imefika sekunde gani, imeangukia wapi kwenye sahani ya kunasia, na imekuja na nguvu kiasi gani. Kazi yangu miaka yote ilikuwa kuisoma orodha hiyo, mchana kweupe, madirisha nimeyafunga kwa ajili ya mwanga wa jua. Watu wakiniuliza kama sichoki kukesha, nilikuwa nawaitikia tu, maana kueleza kulichosha zaidi.

Sasa, si kila kinachogonga sahani kimetoka kwenye nyota. Dunia imezungukwa na ukanda wa chembe kali, na darubini yetu kila mzunguko lazima ipite humo. Ikikaribia, chembe zinaanza kumwagika kwenye sahani na hesabu inapanda. Sisi tuliziita uchafu. Mtu wa zamu anaukata uchafu, anaubakisha mwanga wa nyota, na chembe zikizidi mno chombo kinajifunga chenyewe mpaka kivuke.

Mwombeki alinifundisha kukata siku ya tatu. "Kwenu kuna mabati?" aliniuliza.

"Yapo, na yanavuja."

"Vizuri. Mvua ikinyesha uani, ua wote unalowa. Bati likivuja, inalowa sehemu moja tu. Hesabu ikipanda, usihangaike imepanda kiasi gani. Angalia palipolowa. Pote, ni uchafu. Sehemu moja, ni nyota."

"Na vikija vyote viwili kwa pamoja?"

Akavua miwani akaifuta kwa sweta. "Hapo ndipo utajua kama una kazi au una ajira."

Kanuni yake ya pili ilikuwa kaunta buku. Kila unapotupa kitu, unaandika kwa penseli: tarehe, saa, ulichokitupa, na sababu. Tatu za mwanzo kompyuta inaziweka yenyewe, lakini hiyo ya nne aliitaka kwa mkono. Alisema mkono ukiandika sababu, kichwa kinalazimika kuwa nayo. Wenzetu walimcheka. Mimi nilimfuata, nikajaza kaunta buku kumi na moja, na zote ninazo hapa kabatini, zimeanza kuliwa na mende.

Nije kwa Mchokozi. Ni nyota ndogo nyekundu, haionekani kwa macho, ina namba ndefu kama ya leseni ya gari. Sisi wawili tuliipa jina hilo kwa sababu takriban kila tukiitazama ilikuwa na kijiripuko kidogo cha kuchokoza, kinapanda na kushuka kabla chai haijapoa. Lakini Mwombeki alipokuwa mgeni kazini, darubini iliwahi kuigeukia mara tu baada ya kutoka kwenye ukanda, na ikaikuta inang'ara ajabu, inateremka. Iliteremka masaa mengi mpaka ikarudi hali yake. Yaani alipata mkia wa mripuko mkubwa sana, mwanzo wake haukuonwa na mtu. Aliandika makala. Wakubwa wakamwambia huo ni uchafu wa ukanda uliobakia kwenye sahani, na nyota ndogo kama ile haiwezi kutoa kitu kikubwa hivyo. Kituoni pakapatikana msemo, "uchafu wa Mwombeki", na kila mgeni aliusikia kabla hajajua choo kiko wapi. Aliucheka pamoja nao. Mimi niliyekuwa nakaa meza ya mbele yake nilijua kuwa unamuuma.

"Bi Nasra," aliniambia, "ukiona mkia wa nyoka peke yake, wenzio watasema umeona kamba. Mimi nataka kichwa." Kichwa ndio ule mpando: hesabu kuruka ghafla, sehemu moja, kwenye nyota yenyewe. Akipata mpando wa namna ile hata mara moja tu, maneno yote yangekwisha. Kwa hiyo kila mwaka aliomba darubini imtazamie Mchokozi masaa machache, na kila mwaka walimpa, kwa huruma nadhani. Wakati huo daktari alishamwambia ana presha ya macho na kwamba uoni wake utazidi kufinyika. Herufi za kompyuta yake zikawa zinakua mwaka hadi mwaka, mpaka ukawa unazisoma kutoka mlangoni. "Nataka nikione kabla macho hayajafunga duka," alisema, na hilo alilisema mara moja tu.

Mnistahimilie kidogo kwa kisa changu mimi, maana bila hicho hamtafahamu lililofuata. Mwaka wangu wa nne niliona nyota moja imeruka. Nikapiga mbiu. Kwetu kupiga mbiu ni kuwatumia habari wenye darubini nyengine waache yao, waigeukie nyota yako kabla haijatulia. Darubini tatu ziligeuka. Kumbe lilikuwa doa bovu kwenye sahani, limeamka siku hiyo kunifedhehesha mimi. Hakuna aliyenigombeza, na wangenigombeza ningepona mapema. Tangu hapo mkono wangu ukawa mwepesi wa kutupa na mzito wa kupiga mbiu. Miongozo haitakwambieni kuwa hofu ya aina hiyo ipo. Ipo, na inajifanya umakini.

Mama alipoanza kuanguka nilirudi Unguja. Kaka yangu yuko Maskati na ana sababu zake. Mimi sikuwa na mume wala mtoto wa kunizuia, na kituo kikakubali nifanye zamu kwa mtandao. Nikaweka kompyuta chumba cha juu kabisa, betri za akiba chini ya meza kwa ajili ya umeme unapokatika, feni upande wa kushoto. Toka siku ile sikukaa tena chumba kimoja na mtu wa kazi yangu. Mnaniona nimeandika kwa wepesi, lakini ulikuwa upweke mkubwa, na niseme tu kuwa sikuuzoea. Unaweza ukaona kitu hakuna aliyewahi kukiona, ukainua kichwa, mbele yako kuna ukuta na mjusi. Mwombeki alikuwa ananipigia simu kila Jumatatu saa nne asubuhi. Tukianza na Mchokozi tunaishia kwenye bei ya ndizi.

Na mama, Bi Asya, kila mchana nikishuka kula aliniuliza, "Enhe, nyota zako zimesemaje leo?" Nikimjibu hazijasema kitu anasema, "Zina adabu." Aliuliza hivyo miaka yote. Sidhani kama alitaka jibu, lakini alikuwa mtu pekee kisiwani aliyeuliza.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unaniletea kero moja kila mwaka. Zamu zinapangwa wiki nyingi mbele, na mimi lazima niseme siku gani ya sikukuu sitakuwepo. Wenzangu hawakulifahamu kabisa jambo hili. "Bi Nasra," Mwombeki alikuwa akinitania, "unajua darubini itakuwa wapi mwakani sekunde kwa sekunde, Idi yenu hujui ni lini?"

"Mwezi kwetu haupigiwi hesabu, Mzee. Unaonwa kwa macho, na aliyeuona anatoa ushahidi."

"Na wingu likija?"

"Tunafunga thelathini, tunashukuru."

Mwaka ule nilipiga hesabu hata hivyo, kwa ujuba wangu, nikaona mwezi utaandama Jumanne na utaonekana vizuri. Nikaomba ruhusa ya Jumatano. Jumanne magharibi kukawa na mawingu kuanzia Nungwi mpaka Makunduchi. Tukakaa na redio, mama kajilaza kwenye mkeka, ikatangazwa kuwa mwezi haukuonekana popote. Mama akasema, "Mwanangu wa nyota kakosea mwezi," akacheka mpaka akakohoa. Sikukuu ikawa Alhamisi, na zamu ya Alhamisi ilikuwa yangu.

Mwombeki akanipigia ile Jumatano. "Nikushikie zamu? Kesho wanamtazama Mchokozi, mimi nitakuwa macho vyovyote vile."

Ningesema ndiyo, hadithi ingekwisha hapa na ingekuwa nzuri. Lakini nilikuwa nimeshachekwa na mama, na wenzangu kituoni nao walikuwa wameshaanza vichekesho vyao juu ya mnajimu asiyejua mwezi. Nikaona haya. "Hapana, Mzee," nikamwambia. "Kazi ya nusu saa tu. Nitaifanya kati ya sala na wageni."

Alhamisi asubuhi nilisali, nikapika tambi, nikavaa dera jipya nikapanda juu. Mchokozi alikuwa ametulia. Chini nyumba imejaa: mashangazi kutoka Mtoni, majirani, Bi Mize na mumewe na goti lake, watoto wanazunguka na visheti mikononi. Saa nne kasorobo hesabu ikaanza kupanda. Nikatazama ratiba: darubini inakaribia ukanda, zimebaki dakika arubaini chombo kifungwe. Nikatazama sahani, imelowa kote. Uchafu. Ulikuja mapema kidogo na kwa nguvu zaidi kidogo, lakini ukanda una siku zake.

Nilitakiwa nifanye jambo moja zaidi, nitazame kama katikati ya huo ulowevu kuna pahala palipolowa zaidi. Ni kazi ya robo saa, unatoa uchafu wa pembeni kwenye wa kati unaona kinachobaki. Nilijua hivyo na mkono ulikuwa kwenye vitufe. Basi mama akaniita kutoka chini. "Nasra!"

"Naam!"

"Njoo, watu wanakuulizia. Nyota haziendi popote."

Nikakata dakika zote arubaini, hata zile ambazo hazijafika bado. Nikaandika kwenye kaunta buku tarehe, saa, "uchafu wa ukanda". Safu ya nne nikaiacha nitakuja kuijaza, nikashuka. Mama akanipisha karibu yake, akanitilia halwa mkononi kwa kidole chake, kama alivyonifanyia nilipokuwa mdogo. Tulikaa vile mpaka adhuhuri. Ile ilikuwa sikukuu yake ya mwisho. Alifariki kabla ya Ramadhani nyengine, na hapo ndipo mtihani wangu ulipo, kwa sababu nimejaribu kujuta kuwa nilishuka na siwezi. Ninachojuta ni kuwa sikurudi kupanda.

Faili lililokatwa likaenda kwa Mwombeki. Hakuliuliza swali. Baadaye aliniambia, kwa kunisifu, kuwa mafaili ya wengine alikuwa akiyapitia upya yote, langu hapana, maana nikikata mimi kumekatwa.

Mwaka uliofuata alistaafu kwa ajili ya macho, akarudi Bukoba. Kwenye sherehe yake ya kuagana, kwenye skrini, mkubwa mmoja akainua glasi "kwa uchafu wa Mwombeki". Watu wakacheka. Mwombeki akasogeza uso karibu na kamera, kwa vile hakuwa akiona vizuri, akasema, "Kichwa kipo. Sikukiona mimi, atakiona mwingine." Mimi nilipiga makofi pamoja na wote. Sikujua kuwa kiko kabatini kwangu.

Simu za Jumatatu hazikukatika. Mama hayuko, kazi inaelekea ukingoni, nyumba ina vyumba saba na mtu mmoja. Nikipika nilikuwa napika za wawili kwa mazoea, nampelekea Bi Mize. Zilikuwapo wiki ambazo sauti pekee niliyozungumza nayo kwa zaidi ya salamu ni ile ya Jumatatu saa nne. Nawaeleza haya ili mjue nilikuwa na kitu gani cha kupoteza.

Mwezi wangu wa mwisho nilizipitia kaunta buku zote kumi na moja, nikisafisha mambo kabla sijawakabidhi nyinyi. Ni kazi ya kuchosha na nilikuwa naipenda. Kila mstari una sababu yake, nyengine nimeandika kwa hasira, nyengine kwa usingizi. Katika ya tisa nikafika kwenye mstari mmoja wenye safu ya nne tupu. Peke yake katika vitabu vyote. Nikatazama tarehe nikakumbuka harufu ya tambi.

Kilichotupwa hakipotei. Kinabaki ghalani kama kilivyokuja, ila hakuna anayefungua taka za mwenzake. Nikalivuta faili lile, nikafanya ile kazi ya robo saa, na nikaiona. Chini ya ule ulowevu wa ukanda, katikati ya sahani, juu ya Mchokozi hasa, palikuwa pamelowa pahala pamoja. Mpando mzima, toka chini kabisa mpaka chombo kinajifunga. Nilikaa mpaka chai ikafanya utando. Halafu nikaifanya hesabu tena kwa njia nyengine, nikiomba nimekosea.

Jumatatu nilimpigia mimi kabla yeye hajapiga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Bi Nasra. Leo umeniwahi."

"Mzee, nna jambo. Nakhofu nikilisema hutonipigia tena."

"Sema. Nimekaa."

Nikasema, bila kujipunguzia. Upande wake nilisikia kuku na redio ya mbali.

"Kichwa kimo?" akauliza.

"Kimo."

"Chote?"

"Chote. Mkia ndio haumo, chombo kilifungwa, na kilipofunguka darubini ilishageukia nyota nyengine."

"Ilikuwa Idi ipi?"

"Ile ya mwisho ya mama."

"Ile niliyokuambia nikushikie zamu."

"Ile ile."

Nikasikia anavuta pumzi. "Bi Nasra," akasema, "wakati ule nilikuwa bado naona."

Akasema nimwache akae na hilo kwanza, akakata. Kila Jumatatu alikuwa akimaliza kwa kusema "Mungu akipenda, Jumatatu". Siku hiyo hakusema.

Siku hiyo hiyo niliwaandikieni nyinyi na wakubwa wote ile barua mliyoisoma: faili, hesabu, mchoro, na sentensi moja kuwa mkia wa Mwombeki ulikuwa wa nyota tangu siku ya kwanza. Mliithibitisha kwa siku mbili. Yule aliyeinua glasi kaandika barua nzuri ya kuomba radhi, nami nikaituma Bukoba pamoja na mchoro. Kisha nikachukua penseli nikaijaza safu ya nne. Nimeandika: "Sababu: wageni walikuwa chini na mama alikuwa akiniita. Sikutazama." Mstari mtakaoukuta ndio huo. Msiufute.

Jumatatu ya kwanza simu haikulia. Nilivaa, nikaiweka mezani, saa nne ikapita, saa tano ikapita, nikapika za wawili. Jumatatu ya pili nilikwenda Mtoni kuwatazama mashangazi ili nisikae naingoja, na simu nikaichukua. Ya tatu nilibaki kitandani. Nilijua mtu akiacha kukupigia baada ya jambo kama lile ana haki yake, na kujua kwangu hakukunisaidia kitu. Nilimkosa Mwombeki na nilimkosa mama kwa pamoja, na nyumba sikuweza kukaa ndani wala kutoka.

Jumatatu ya nne, saa nne na dakika mbili, ikalia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Akakohoa. "Mke wangu amenisomea barua zote. Ile ya radhi amenisomea mara mbili, anasema Kiingereza chake kizuri. Anasema pia umetuma mchoro, una kitu kinapanda hivi. Mimi mchoro sioni tena, Bi Nasra. Hata mkono wangu nauona nusu."

"Najua, Mzee."

"Basi nisomee. Dakika kwa dakika."

Nikafungua faili, nikavaa miwani. Nikaanza kumsomea kilichobaki juu ya Mchokozi baada ya kutoa uchafu, kila dakika na hesabu yake. Tatu. Mbili. Nne. Tatu. Tatu. Mbili. Zilikuwa nyingi za namna hiyo, nikataka kuziruka, nikasikia anapumua taratibu nikaona nisiziruke. Mbili. Nne. Tatu. Kumi na moja. Nikasikia kiti chake kikilia. Thelathini na nane. Mia na mbili. Mia mbili na sitini na moja. Kuku wake sikuwasikia tena. Mia tano na tisa. Mia nane na sabini. Niliendelea mpaka dakika ya mwisho, elfu moja mia tatu na arubaini.

"Halafu?" akauliza.

"Halafu chombo kimefungwa."

Chini Bi Mize alikuwa anabisha hodi na sikumwitikia.

"Soma tena," Mwombeki akasema.

"Kutoka kwenye kumi na moja?"

"Kutoka mwanzo. Na zile mbili-tatu usiziruke."

Nikarudi juu ya ukurasa. Tatu, nikasoma. Mbili. Nne.